Sogea Kidogo, Mama

Nyumbani kwangu kitu cha maana hakikai wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, friji ina chake, na hata cherehani yangu, ambayo siku hizi inapumzika kuliko kushona, nimeivalisha gauni la bluu lenye marinda. Nimeshona mapazia maisha yangu yote, mpaka watu wakaliacha jina langu wakaniita Mama Pazia, na mtu wa mapazia akiona kitu kiko uchi mkono unamwasha. Kwa hiyo siku nilipounganishiwa waifai, nikaachiwa kile kisanduku cheupe chenye vitaa wanachokiita ruta, hakikulala mezani hata usiku mmoja. Nilikifungulia kabati la vyombo. Nikakiweka rafu ya kati, nyuma ya masinia yangu makubwa ya bati, yale yanayotoka tu wakija wageni wa heshima, nikakifunika kwa kitambaa cha kufuma, nikafunga milango yake ya vioo. Kilipendeza, na asiniambie mtu kitu.

Wazo la mtandao lilikuwa la mwanangu. Ninaye mmoja tu, na yuko nchi za mbali anatengeneza lifti za maghorofa. Tangu tumzike baba yake sijamgusa kwa mkono. Simu yangu mimi ni ya vibonyezo, haionyeshi sura ya mtu, basi akampa mwenzake aliyekuwa anakuja huku kompyuta mpakato aniletee. Akaniambia, "Mama, sasa tutaonana kila Jumapili." Nilimshonea kompyuta mfuko siku hiyo hiyo.

Lazima mjue kwamba mwanangu si mtu wa maneno. Amemrithi baba yake. Marehemu mume wangu alikuwa mpimaji kwenye kituo cha mizani ya malori, na maneno yake aliyapima vilevile, yasizidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilizoea kuishi na wanaume wawili wanaokula, wanashukuru, wanakwenda kulala. Walipoondoka wote wawili, mmoja kwa ndege na mwingine kwa jeneza, nilidhani ukimya nimeshauzoea. Kumbe ukimya wa watu waliomo ndani ni kitu kimoja, na ukimya wa nyumba tupu ni kitu kingine kabisa.

Basi Jumapili ikawa siku yangu. Nikitoka kuoga navaa vizuri, napaka mafuta, naweka kompyuta mezani sebuleni, nangoja. Inalia. Nabonyeza.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia baba. Wewe unaniona?"

"Nakuona kipande. Naona paji la uso na pazia."

"Hilo pazia ni jipya, nimebadilisha."

"Mama? Mama, umeganda."

Ndivyo ilivyokuwa. Mara sauti ipo sura haipo, mara sura ipo lakini imekaa mdomo wazi. Inakatika, anapiga tena. Inakatika, anapiga tena. Na hapo ndipo mwanangu, yule asiyekuwa na maneno, alipogeuka kasuku.

"Sogea kidogo, mama. Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Una vimistari vingapi vya mtandao pale pembeni chini?"

"Kimoja, na chenyewe kinasinzia."

Alicheka. Ana kicheko cha baba yake, kinaanzia puani. "Haya, inuka. Ibebe, twende koridoni."

Nikaibeba kompyuta mikononi nikaenda naye koridoni. Tukajaribu mlango wa bafu. Tukajaribu jikoni, nimepanda kigoda karibu na jiko, yeye ananiambia, "Angalia usianguke, mama, shika ukuta." Tukajaribu chumbani kwangu, dirishani, uani kwenye kamba ya nguo. Zima waifai ya kompyuta, hesabu polepole, washa. Mwishowe tukagundua mahali pazuri kuliko kwingine: katikati ya korido, nimesimama, kompyuta iko juu ya meza ya kupigia pasi. Hapo vimistari vilifika viwili, na tulishangilia kama watu waliopata mtoto.

"Ruta yenyewe umeiweka wapi, mama?" aliniuliza siku moja.

"Sebuleni. Mahali pake pa heshima."

Akaridhika. Angejuaje?

Jirani yangu Mama Mapacha, tunayegawana naye ukuta, hakuniacha nipumue. Yeye nyumba yake imejaa, wajukuu wanapishana mlangoni, na mdomo wake haujui mapumziko.

"Mama Pazia," aliniambia nikianika nguo, "Jumapili mtaa mzima tunajua kama mwanao anakusikia au hakusikii. 'Nakusikia! Nakusikia!' Juzi mapacha wangu wamekuitikia."

"Ni huu mtandao."

"Muite fundi basi."

"Mwanangu mwenyewe ni fundi. Ananielekeza."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mama wee. Muite fundi wa karibu."

Nilimwambia akaangalie sufuria yake isiungue. Sikuona haja ya fundi. Ukiniuliza leo, nitakwambia zile Jumapili za kupanda vigoda zilikuwa ndizo Jumapili bora nilizopata tangu nibaki peke yangu. Lakini wakati ule sikujua. Nilikuwa naona dosari tu.

Kilichonifanya nibadili mawazo ni hiki. Jumapili moja, baada ya kukatika mara nyingi, mwanangu alitokea wazi ghafla. Akasogeza uso karibu. Akasema, "Mama, kuna jambo nilitaka kukwambia…" Kisha akaganda hapo hapo, jicho moja limefumba nusu. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, nikapanda kigoda. Hakuna. Nikazima, nikawasha. Mtandao ulikataa mpaka jua likazama.

Nilimpigia kwa simu ya vibonyezo, haikupatikana. Baadaye akanitumia ujumbe: "Si kitu mama. Tutaongea Jumapili." Mwambie mzazi "si kitu" uone kama atalala. Jambo gani? Amepata mchumba? Amefukuzwa kazi? Anaumwa? Au, na hili nililifikiria kwa kificho hata mimi mwenyewe nisijisikie, anarudi nyumbani? Wiki nzima nilikuwa na jambo hilo kifuani. Nilikata kitambaa cha mteja kifupi, mimi, ambaye sijawahi kukata kitambaa kifupi. Nikasema basi. Jumapili ijayo maneno ya mwanangu hayataishia hewani. Nikamwomba Mama Mapacha namba ya fundi.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kipara na viatu vilivyong'aa, akavivua mlangoni bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo. Hakugusa kompyuta. Alishika simu yake, akatembea nayo chumba hadi chumba akiiangalia, anakwenda huku na huku kama anayetafuta kunguni ukutani. Jikoni akatikisa kichwa. Chumbani akatikisa kichwa. Mwishowe akasimama mbele ya kabati la vyombo.

"Mama, usiniambie ruta iko humu."

"Imo. Kwani?"

Akafungua vioo, akasogeza masinia, akainua kitambaa cha kufuma kwa vidole viwili. "Huyu amekufa lini mpaka umemvalisha sanda?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka. Akanieleza bila kunidharau. Mawimbi ya waifai hayapendi bati wala kioo cha kujitazamia, na kabati langu lina vyote viwili, masinia mbele na kioo mgongoni. Yakigonga pale yanarudi yalikotoka. Ruta inataka iwe juu, wazi, katikati ya nyumba. Tena majirani zangu wote mitandao yao imejazana njia moja na ya kwangu, akaihamishia njia nyingine yenye nafasi. Alipitisha waya juu ya mlango, akapigilia kirafu kidogo ukutani koridoni, akaiweka ruta pale, uchi wa mnyama.

"Na usiivalishe," akasema.

Nilibaki na kitambaa mkononi, sijui pa kukiweka. Lakini vimistari vilijaa. Sebuleni vimejaa, jikoni vimejaa, chumbani vimejaa, hata uani kwenye kamba ya nguo. Nilimpa fundi chai, akanywa, akaenda zake, na mimi nikaanza kuingoja Jumapili.

Ilipofika nilikaa kwenye kochi kama mtu mwenye nyumba yake, kompyuta mezani. Ikalia. Nikabonyeza, na mwanangu akatokea mzima.

Sikuwa nimemwona namna ile kwa muda mrefu. Alikuwa na mvi pembeni mwa kichwa, na hakuna aliyenieleza. Nyuma yake niliona ukuta usio na picha, koti limetundikwa kwenye msumari, meza yenye kikombe kimoja, na kiti kimoja, ambacho amekikalia. Nikatafuta kiti cha pili kwa macho, hakikuwapo. Dirisha lake halikuwa na pazia. Mtoto wa Mama Pazia.

"Mama! Umekuwa wazi kabisa. Umefanyaje?"

Nikamsimulia habari ya kabati. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Nyuma ya masinia, mama? Nyuma ya masinia!" Nikainuka na kompyuta nikampeleka koridoni, nikamwonyesha kirafu na ruta yake. Akasifu kazi ya fundi. Tukarudi kwenye kochi. Nikajiweka sawa.

"Haya baba. Lile jambo."

"Jambo gani?"

"Ulilotaka kuniambia Jumapili iliyopita."

Akafikiri. "Aah. Nilisoma mahali kwamba ruta ikiinuliwa juu inashika vizuri zaidi. Nilitaka tujaribu."

"Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

Nilitabasamu. Uso wangu ulikuwa unaonekana wote, ningefanya nini kingine? Wiki nzima nilikuwa nimelea mchumba, ugonjwa na safari ya kurudi nyumbani, na vyote vilikuwa ruta.

"Kazi?" nikamuuliza.

"Nzuri. Afya yako?"

"Namshukuru Mungu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula."

Tukanyamaza. Zamani tukinyamaza mmoja wetu alisema, "Mama? Umekatika?" na maneno yakaanza upya. Sasa hakuna aliyekatika. Nilimwona anavyotafuta la kusema, anaangalia kikombe, anakigeuza mkononi, na yeye aliniona ninavyotafuta. Saa ya ukutani kwangu niliisikia, nadhani hata yeye aliisikia.

"Basi mama, sasa si mtandao uko sawa?" akasema mwishowe. "Raha. Nitakuwa nakupigia wakati wowote."

Wakati wowote! Hilo ndilo neno lililoniumiza, ingawa siku ile nililipokea kwa furaha. Jumapili ina mlango na kizingiti, ikifika unajua imefika. Wakati wowote haufiki. Jumapili iliyofuata alipiga jioni, tukaulizana kazi na afya na chakula, tukaagana. Iliyofuata akatuma ujumbe, "Nimechoka mama, nitapiga kesho." Kesho ikapita. Sikumlaumu. Anashinda ndani ya mashimo ya lifti, anarudi kwenye kiti kimoja, ampigie mama yake wakae wanatazamana? Ningeweza kumpigia mimi. Nilifungua kompyuta kila siku kwa nia hiyo, nikaona vimistari vimejaa vyote, vinaniambia nipige, na mimi sina la kumwambia ambalo hajalisikia. Nimwambie nini? Kwamba nimekula?

Nilirudi kula nikiwa nimesimama jikoni, tabia niliyokuwa nimeiacha. Nilianza tena kuwasha redio nikiwa na usingizi ili nilale na sauti za watu. Niseme wazi tu: nilikuwa mpweke mpaka upweke ukawa na uzito, naubeba kutoka chumba hiki kwenda kile, na mtandao ulikuwa mzuri kila nilipokwenda.

"Mbona siku hizi kimya?" Mama Mapacha aliniuliza juu ya ukuta. "Mtandao umepona?"

"Umepona."

"Sasa mbona wewe ndiye unayeonekana mgonjwa?"

Nikainamia beseni la nguo. Akaniangalia kidogo, kisha, jambo ambalo si kawaida yake, akaniacha bila kunitania.

Siku hiyo pasi yangu ilikataa kupata moto. Nikaketi nayo mezani na bisibisi, nikaifungua, na nilipoona ule waya umeungua nikamkumbuka marehemu. Mume wangu hakuwahi kuniambia ananipenda, labda siku ya posa, na hata siku hiyo aliyesema alikuwa mjomba wake. Lakini kitu kikiharibika ndani ya nyumba alikuwa mtu mwingine. "Mama watoto, njoo unishikie taa. Hapo hapo. Inua kidogo. Mkono usitetemeke." Tulikuwa tunakaa hivyo hadi chakula kinapoa, vichwa vimekaribiana juu ya pasi au redio, naye anazungumza, anaeleza, anatania, ananisimulia hata ya utotoni kwake. Pasi ikipona, anafunga skrubu ya mwisho na mdomo wake pamoja nayo. Kuna wakati nilikuwa natamani vitu viharibike. Nilimzaa mtoto wa mtu huyo, nikamlea, nikamtazama akiondoka kwenda kutengeneza lifti, halafu nikamwondolea kitu pekee alichokuwa anakitengeneza nyumbani kwao.

Jumapili mchana nilioga, nikavaa vizuri, nikapaka mafuta. Nikapanda kigoda koridoni, nikaishusha ruta kwenye kirafu chake, waya ukiwa unaning'inia. Nikafungua kabati. Rafu ya kati, nyuma ya masinia. Kitambaa cha kufuma nilikuwa nimekitunza, nikaifunika nacho vizuri, nikanyoosha kona zake. Nikafunga vioo. Kwenye kompyuta vimistari vikaanguka kimoja kimoja mpaka kikabaki kile kinachosinzia.

Nikampigia. Ililia sana kabla hajapokea.

"Ma… ma? Vipi, mbona… sauti…"

"Baba, mtandao umeharibika tena."

"Nini?"

"Umeharibika! Nakuona kipande!"

Niliona kipande hicho kikiinuka kitini. Sura yake ilikuwa vigae vigae, lakini niliisikia sauti ikibadilika, ikipata nguvu. "Usijali, mama. Usijali. Tutaangalia. Una vimistari vingapi?"

"Kimoja, na chenyewe kinasinzia."

Akacheka, kile cha puani. "Haya, inuka. Sogea kidogo. Ibebe, twende koridoni nione."

Nikainuka, nikambeba mwanangu mikononi, nikaenda naye koridoni na moyo mwepesi kama msichana. Nilikuwa naongea, naye anaongea, ananiuliza kama mvua imenyesha, kama umeme ulikatika, kama kuna jirani ameunganisha mtandao mpya, nami namjibu yote kwa kirefu. Sikukumbuka lolote mpaka aliposema, "Geuza kompyuta polepole, mama, nione ruta." Mikono yangu ilishamtii kabla akili haijafika.

Kirafu kilikuwa ukutani, kitupu. Waya ulikuwa umepita chini yake unaelekea sebuleni.

Nikageuza kompyuta haraka kuniangalia mimi. Mwanangu alikuwa ameganda. Nikamshukuru Mungu, nikasema mtandao umeniokoa, hakuona. Kisha akapepesa macho. Hakuwa ameganda. Alikuwa ananitazama tu, na mimi namtazama, aibu imenijaa mpaka masikioni, mwanamke wa umri wangu.

"Mama," akasema taratibu. "Kabatini umeangalia?"

"Bado," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo. Yeye akainamisha kichwa, akashika mwanzi wa pua kwa vidole viwili, kama baba yake alivyokuwa akifanya akitaka kuficha macho. Nilifikiri ataniuliza kwa nini, nami ningelia, na kilio kingemfikia vipande vipande. Hakuuliza. Akavuta kile kiti chake kimoja, akakisogeza karibu na skrini yake, akaketi.

"Basi usiangalie leo," akasema. "Kwanza tujaribu jikoni. Chukua kigoda, na ushike ukuta, usije ukaanguka."

Nikachukua kigoda, nikaiweka kompyuta kifuani, tukaenda jikoni.